Miaka ya gwaride, usiku mmoja tu mlimani: tunalea skauti au tunapamba sherehe?

KAMBA YA KATANI (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Naandika kutoka Morogoro, mji kasoro bahari. Ninaongoza kundi la skauti kwa kujitolea, huu mwaka wa sita. Kinachonilisha ni kutengeneza pampu za maji, kwa hiyo msinitafute ofisi yoyote, sina.

Nina jambo linalonikera na jingine lililonifurahisha. Nianze na kero.

Ukitaka kuwaona skauti wetu, nenda kwenye sherehe. Mgeni rasmi akija wapo, wanamvisha skafu. Uwanja ukifurika, wao ndio wanaoshika kamba kuzuia watu. Kuna sherehe moja, siitaji, watoto wangu walisimama juani tangu saa moja asubuhi, mgeni akafika saa sita na nusu, wakapewa soda moja moja, kwaherini. Sisemi kutumikia watu ni vibaya, kwani kusaidia wengine kumo ndani ya ahadi yenyewe. Ila mwezi wa pili niliwauliza watoto wangu 31: nani amewahi kulala nje, chini ya turubai, akapika chakula chake mwenyewe? Ikanyooshwa mikono minne. Nikadadisi, kumbe mmoja alikuwa anazungumzia msiba wa babu yake.

Saluti ya vidole vitatu wanaipiga vizuri. Mkono wa kushoto wanapeana. "Uwe tayari" wanaitikia mpaka bati linatetemeka. Tayari kwa lipi?

Na mambo haya hayakuanzia kwenye gwaride. Agosti 1907 Robert Baden-Powell, Mwingereza aliyeanzisha skauti, aliwapeleka wavulana wapatao 20 kisiwa cha Brownsea, kusini mwa Uingereza, kwa wiki moja hivi. Baadhi walitoka shule za bweni za wakubwa, wengine walikuwa watoto wa watu wa kawaida kutoka miji ya jirani. Akawachanganya, akawagawa vikosi vinne, kila kikosi na mvulana mwenzao wa kukiongoza. Asubuhi aliwaamsha kwa kupuliza pembe ya tandala aliyoitoa huku Afrika. Ukiondoa pembe, kisiwa na Uingereza, kinachobaki ni kitu kimoja: kikosi kidogo cha watoto, mkubwa wao ni mtoto, na mambo yakiharibika wanatengeneza wao.

Basi mwisho wa mwezi wa sita tukapanda Uluguru. Watoto 22, viongozi watu wazima watatu. Tulipita njia ya Morningside, kule kwenye lile jengo la zamani la Wajerumani. Mnaoijua mnacheka, maana si mbali, lakini inapanda moja kwa moja. Watoto walihema na vibegi vyao, huku kina mama wa Kiluguru wanatupita wakishuka, kichwani tenga la mboga, miguuni kandambili, wanatuamkia bila hata kupunguza mwendo. Bingwa wangu wa gwaride, kijana anayenyoosha mguu mpaka unamwogopa, alikuwa wa kwanza kukaa chini.

Tulipiga kambi kwenye uwanja wa shule moja ya huko juu, nje ya hifadhi ya msitu, kwa ruhusa ya mwalimu na ya serikali ya kijiji. Msituni huwezi kwenda kuwasha moto tu kwa sababu umevaa skafu. Kabla ya kuondoka mjini nilikuwa nimepatana na wenzangu wawili: hatugusi kitu. Labda itoke damu, moto usambae, au mtoto aelekee mtoni.

Saa kumi na mbili jioni mvua ikashuka. Kiangazi ndiyo, ila Uluguru haina kalenda.

Kikosi cha Chui walikuwa wamefunga turubai lao kwa mafundo ya kamba ya viatu. Maji yakajaa katikati, turubai likatumbukia juu ya kijana mmoja aliyekuwa anakata nyanya. Kulivuta, tundu la pembeni likachanika. Wakaanza kugombana kama mawakili: nani alifunga, nani alisema, nani alikuwa na tochi. Kiongozi wao ni binti wa miaka 14 ambaye mwalimu wake aliniambia darasani hasikiki kabisa. Alisimama kwenye mvua muda ambao mimi niliuona mrefu mno, pengine ni dakika moja. Halafu akainama, akaokota jiwe la ukubwa wa limau, akaliweka ndani ya pembe ya turubai, akalifunika kwa nguo ya turubai lenyewe na kuzungusha kamba shingoni mwa lile jiwe. Akavuta. Likashika. Akasema, kwa sauti ileile ndogo, "Tafuteni mawe mengine matatu." Wakaenda. Wote saba.

Baadaye nikamuuliza alifundishwa na nani, nikijua si mimi. Akasema shangazi yake ana genge, turubai la genge limeisha matundu siku nyingi.

Asubuhi hakuna fundo lililofunguka. Katani ikilowa hujikaza. Tulikaa saa nzima tunachokonoa kwa msumari, na hakuna aliyelalamika, maana kila fundo lilikuwa na mwenyewe na alikuwa analisifia.

Swali langu: kwenu mnakwenda kambi kweli, au mnasubiri sherehe? Na wazazi mnaokataa, mnaogopa nini hasa? Semeni tu.

BWANA HESABU

Mkuu uzi mzuri, ila shusha gharama. Hadithi za mlimani ni tamu mpaka uulizwe nani kalipa. Na swali la pili: radi je? Umekaa tu unatazama watoto wa watu wakilowa ili ujifunze falsafa?

KAMBA YA KATANI

Gharama: kila mtoto alileta unga kilo moja, maharage nusu kilo, na shilingi 5,000 ya mafuta, dagaa, mkaa na dharura. Watoto watano hawakuwa na hiyo elfu tano, tukaifidia kwa kuuza maandazi siku ya kikao cha wazazi. Turubai ni za kuazima. Usafiri ni miguu.

Radi: darasa lilikuwa nyuma yetu hatua 60, na ufunguo nilikuwa nao mfukoni tangu saa tisa alasiri. Watoto hawakujua. Ningesikia ngurumo moja ya karibu wangelala ndani wote na falsafa yangu ningeiacha uwanjani. Mvua bila radi, na mahali pa kukaukia papo, haidhuru mtoto wa Morogoro. Na wakubwa pia huzidiwa: 2023 jambori ya dunia, ile kambi kuu ya skauti wa nchi zote, ilifanyika Saemangeum, Korea Kusini, vijana zaidi ya 40,000. Joto likawaangusha, Waingereza na Wamarekani wakaondoka mapema, kisha kimbunga kikawa kinakuja, kambi yote ikahamishwa. Hela zilikuwapo. Mimi nilichukua somo la ufunguo.

MSTAAFU WA KAMBI

Kijana, gwaride usilidharau. Nimevaa buti miaka mingi. Mtu aliyefundishwa kusimama wima bila kujikuna kwa nusu saa, siku ya moto hatakimbia hovyo. Gwaride linafundisha mwili kutii akili. Huyo bingwa wako aliyekaa chini njiani hukumzoesha kupanda, usimlaumu kwa kuwa anajua kutembea.

Kuhusu mtoto kuongoza mtoto, nina mashaka. Nimeona vikosi ambavyo kiongozi ni mbabe anayewachotesha wenzake maji na yeye anakula nyama. Wewe umetuletea binti wa jiwe. Je, wale wengine?

KAMBA YA KATANI

Mzee, shikamoo. Hapo kwenye bingwa wa gwaride umenipata, nakubali. Nilimcheka wakati kosa ni langu.

Na hao wengine wapo, siwezi kuficha. Kikosi cha Tembo kiongozi wao alijitwalia tochi ya kikosi na kijiko kikubwa. Ugali wakauunguza kwa sababu kila aliyetaka kukoroga alifukuzwa, na yeye mwenyewe hakujua kusonga. Wakala ugali wa rangi mbili. Usiku tulipokaa kwenye moto wa kambi, kila kikosi kinasimulia siku yake, na desturi yetu ni mdogo kuliko wote ndiye anayesimulia. Wa Tembo ni mtoto wa miaka 11. Alisimama akasema, "Leo sisi tulikuwa na mpishi mmoja na watazamaji sita." Watu wakacheka mpaka moto ukayumba. Kiongozi alicheka pia lakini macho yalikuwa chini. Asubuhi kijiko kilikuwa mkononi mwa mtu mwingine. Sikusema neno. Amebadilika? Sijui, tochi hajairudisha mpaka leo.

MAMA WAWILI

Nasoma kimyakimya tangu juzi. Umesema tuseme tunachoogopa, basi nasema.

Mimi siogopi mvua wala nyoka. Naogopa watu wazima. Chama cha skauti cha Marekani, Boy Scouts of America, kiliomba kinga ya ufilisi Februari 2020 kwa sababu ya kesi za watu waliodhalilishwa utotoni na viongozi wao. Madai yalipita 80,000. Fidia iliyopangwa ni zaidi ya dola bilioni 2.4. Sasa hivi hata jina wamebadilisha. Hao ni watu wenye mafaili, mawakili na bima. Sisi huku tuna nini? Mtu anavaa kombati, anaitwa "kiongozi", tunampa binti zetu wakalale mlimani. Nina wawili, mmoja ana miaka 12, ananiomba usiku na mchana nimruhusu. Nimekataa. Nishawishi.

KAMBA YA KATANI

Mama, sikushawishi. Nitakueleza tunavyofanya, uamuzi ni wako.

Hakuna mtu mzima anayebaki peke yake na mtoto mmoja mahali pasipoonekana. Hata kumsindikiza chooni wanakwenda watoto wawili wawili na mkubwa anasimama pale anapoonekana na wote. Watu wazima hulala upande wao, wasichana upande wao, wavulana wao. Bila kiongozi mwanamke hakuna kambi. Mwaka juzi dada yetu aliugua ijumaa jioni, tukaahirisha, watoto walilia, tukawaacha walie. Na hakuna "siri ya kambi". Kitu chochote ambacho mtu mzima anamwambia mtoto asimwambie mama, hicho ndicho cha kwanza kumwambia mama. Watoto tunawaimbisha hilo kama jedwali la kuzidisha.

Vyama vya skauti duniani sasa vina mwongozo wa kumlinda mtoto na viongozi wanatakiwa kuufundishwa. Nimefundishwa. Lakini najua na wewe utasema karatasi ni karatasi.

MAMA WAWILI

Ndiyo nasema. Na nani anawakagua ninyi?

KAMBA YA KATANI

Kila kambi wanakuja wazazi wawili, tunawapanga kwa kura. Na mzazi yeyote anaweza kutokea saa yoyote bila kupiga simu. Juni alikuja baba mmoja saa nne usiku na bodaboda, kalowa chapachapa, akawakuta wanaimba, akala ugali wa rangi mbili, akarudi. Sikuudhika hata chembe. Kiongozi atakayeudhika ndiye wa kumkimbia.

MAMA WAWILI

Nitakuja mimi, na sitasema ni lini. Binti atabaki nyumbani kwanza.

MCHIMBA HISTORIA

Naomba niharibu sherehe kidogo. Hiyo pembe ya tandala unayoisimulia kwa utamu ilitoka vita vya Wamatabele, 1896, kule Zimbabwe ya leo, ambako Baden-Powell alikuwa afisa wa jeshi lililokwenda kuwavunja wenyeji. Zile shanga za mbao wanazovaa viongozi waliohitimu mafunzo ya juu, asili yake inahusishwa na mkufu wa Dinuzulu, mwana wa mfalme wa Wazulu. Wakati Makaburu walipouzingira mji wa Mafeking, Afrika Kusini, 1899 hadi 1900, yeye akiongoza ulinzi wake, wavulana wa kizungu walipeleka barua kwa baiskeli na wakasifiwa, huku Waafrika mjini humo wakifa njaa. Sasa watoto wa Morogoro wanasimama kuadhimisha siku ya kuzaliwa ya mtu huyo kila Februari 22. Kwa lipi? Kusoma nyayo, kuwasha moto, kulala nje: hivyo alivikuta hapa.

JIRANI WA NYERI

Hamjambo ndugu zangu wa Tanzania. Naishi Nyeri, Kenya, kilomita chache kutoka kaburi la Baden-Powell, kwa hivyo swali la Mchimba tumelijibu na kulijibu tena.

Alihamia hapa uzeeni, akajengewa nyumba ndogo aliyoiita Paxtu katika uwanja wa hoteli ya Outspan, akafariki Januari 8, 1941, akiwa na miaka 83. Majivu ya mkewe Olave yaliletwa 1977, wako pamoja. (Makaburi hayohayo ndimo alimozikwa Jim Corbett, yule mwindaji wa simba milia wa India. Wageni huja kumtafuta mmoja wakamkuta mwingine.) Kila Februari skauti hujaa Nyeri, mji unabadilika rangi, bei ya chapati inapanda.

Nilipokuwa Chipukizi tulikwenda pale. Kenya tuna ngazi zenye majina yetu: Sungura wadogo, halafu Chipukizi, Mwamba, Jasiri. Skauti mkuu wetu wa shule, mama mmoja Mkikuyu ambaye babake aliwekwa kizuizini na Waingereza wakati wa Hali ya Hatari, enzi za Mau Mau, alitusimamisha mbele ya lile jiwe. Tulitarajia atatuambia tupige saluti. Akatuambia: tazameni Mlima Kenya ule pale, kisha mwambieni huyu mzee mmeupanda mara ngapi, maana yeye amelala anautazama tu. Tulicheka. Mwaka uliofuata tulikwenda mpaka kambi ya kwanza, na baridi ile siisahau.

Mimi naona hivi: alichukua kwetu, akakiandika, kikaturudia kimevaa skafu. Kukitupa kwa sababu ya skafu ni hasara yetu. Kukisujudia nako ni ujinga.

Jambo moja dogo la kaburi. Limechongwa duara lenye nukta katikati. Ni alama ya njiani ya skauti, maana yake "nimekwenda nyumbani". Watoto wenu wanazijua alama za njiani?

MCHIMBA HISTORIA

Jirani, kwa jibu la huyo mama nakupa chai. Hoja ya shanga bado naishikilia.

KAMBA YA KATANI

Alama wanazijua, na zinatutesa. Kijiti juu ya kijiti kwa mkingamo, usipite hapa. Mshale wa mawe, fuata huku. Mchezo wao wa jumamosi ni kikosi kimoja kutangulia dakika 20 na kingine kufuata. Wiki iliyopita mbuzi wa jirani na shule walipita juu ya mshale, kikosi kizima kikaishia kwenye harusi. Waliporudi wamekula pilau.

Na Mchimba, nakubaliana na wewe kuliko unavyodhani. Februari 22 sisi siku hizi tunapanda mlima, hatufanyi hotuba.

KIDATO CHA TATU

Shikamooni. Mimi nilikuwa skauti msingi, siyo kundi la mleta uzi. Hatukuwahi kwenda kambi. Ila nilikuwa mtunza hazina wa kikosi, tulikuwa tunachanga mia mia. Siku moja daftari halikulingana, ilipungua mia tatu. Nilikaa usiku nahesabu. Asubuhi nikawaambia wenzangu imepungua na sijui ilipokwenda. Nilidhani watanipiga. Mmoja akasema alikopa akasahau kusema. Basi. Mpaka leo nikishika hela ya mtu naandika kwanza.

MSTAAFU WA KAMBI

Huyu mtoto asemehewe hesabu zote alizofeli.

BWANA HESABU

Mstaafu kafurahi leo, tuandike tarehe. Mleta uzi, swali la mwisho la kiufundi kutoka kwa mke wangu, anasoma begani kwangu: sufuria za kuazima mliziosha vipi masizi ya kuni? Yeye alimwazima shemeji mara moja, ikarudi kama imetoka kwa mhunzi.

KAMBA YA KATANI

Mwambie mkeo hivi. Kabla ya kuweka sufuria kwenye mafiga, ipake sabuni ya mche nje, chini na ubavuni, ikiwa imelowa kidogo, tabaka jembamba kama unapaka mtoto mafuta. Masizi yatakaa juu ya sabuni. Ukimaliza kupika, maji na jani la mgomba linatosha, inatoka yote. Usipake ndani, tafadhali. Kikosi cha Chui walipaka ndani, na maharage yale yalitoa povu mpaka saa tatu usiku.